Pole Iliyosemwa kwa Kiingereza

Katikati ya miaka ya 1990, mwalimu akijikwaa kwenye kizingiti cha darasa la sekondari mjini Mwanza, darasa zima liliitikia kwa pamoja: "Sorry, sir!" Chaki ikimponyoka, sorry. Akikohoa, sorry. Akiingia amelowa kwa sababu mvua imemkuta njiani hana mwavuli, sorry tena, safari hii kwa sauti ya huruma zaidi. Nilikuwa kijana niliyetoka chuoni, nimepangiwa kufundisha Kiingereza katika shule moja ya upande wa Pasiansi, na jambo la kwanza nililoelekezwa na wakubwa zangu kazini ni kwamba tabia hiyo ikomeshwe.

Hoja yao ilikuwa hivi. Mwingereza husema "I am sorry" pale anapokuwa na kosa: amekukanyaga, amechelewa, amevunja kikombe chako. Mtu akijikwaa kwa miguu yake mwenyewe, wewe uliyekaa pembeni una hatia gani? Muulize kama ameumia, basi. Ukimwambia sorry atakushangaa. Kwenye chumba cha walimu palikuwa na orodha ya makosa ya kawaida, imepigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili hadi herufi zimefifia, na "sorry" ya kumpa mtu pole ilikuwa juu kabisa. Chini yake walijipanga ndugu zake: "sorry for work", "sorry for the journey", "sorry with sickness".

Msomaji wa Kiswahili haambiwi zilikotoka hizo. Pole na kazi, pole na safari, pole kwa ugonjwa. Mtoto alikuwa anatimiza wajibu aliofundishwa nyumbani tangu hajajua kusoma, kwamba mwenzako akipatwa na jambo, dogo au kubwa, humpiti kimya. Aliyeungua na mchuzi hupewa pole. Aliyetoka Geita kwenye basi la vumbi hupewa pole. Anayelima juani hupewa pole na mpita njia asiyemjua jina. Na anayepewa hujibu asante, au hujibu kwamba ameshapoa, mambo yakaendelea. Mtoto wa Kanda ya Ziwa akikukalia kimya umeanguka mbele yake, mama yake atamchapa.

Pia lazima ieleweke hali ya Kiingereza ilivyokuwa wakati ule. Shule za msingi zilikuwa zikifundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Tume ya Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili, serikali ikaamua Kiingereza kibaki. Kwa hiyo kijana aliyemaliza darasa la saba Sengerema au Magu, aliyesoma sayansi na historia yote kwa Kiswahili, alijikuta ndani ya miezi michache ameketi kidato cha kwanza anaelezwa usanisinuru kwa lugha ambayo alikuwa na maneno yake machache tu. Hayo machache aliyafanyisha kazi nyingi. "Sorry" lilikuwa mojawapo ya maneno ambayo kweli yalikuwa mali yake. Alilitumia bila kufikiri, kwa moyo wote, na sisi tulitakiwa tumnyang'anye.

Sikuifanya kazi hiyo kwa bidii. Nilifundisha tofauti kama zilivyo kwenye vitabu, kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa unakuja na sikutaka mtu apoteze alama kwa ajili ya msimamo wangu. Lakini darasani nilipojikwaa nilisema asante.

Jumanne ya Mei 21, 1996, habari zilifika shuleni asubuhi, kabla ya mapumziko. Meli ya abiria, MV Bukoba, ilikuwa imepinduka katika Ziwa Victoria. Ilikuwa imeondoka Bukoba jioni iliyotangulia, ikapitia Kemondo kuchukua watu na mizigo, na asubuhi ile ilikuwa imekaribia kufika Mwanza. Meli yenyewe ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Daraja la tatu hawakuwa nayo, na hao ndio waliokuwa wengi: wafanyabiashara wa ndizi na mikungu yao, kina mama na watoto, vijana wanaokuja mjini kutafuta maisha. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, mia nane na zaidi.

Shule yetu ilikuwa na wanafunzi wengi wenye asili ya Kagera, mkoa ilikotoka meli. Sitaeleza yaliyotokea kwenye uwanja wa shule saa ile. Waliokuwapo wanajua.

Lililowachoma watu wa Mwanza kuliko jingine lilitokea baada ya meli kupinduka. Haikuzama mara moja. Ilibaki inaelea tumbo likiwa juu, na ndani yake walikuwamo watu hai, wakigonga mabati, na waliokuwa nje waliwasikia. Ukatolewa uamuzi wa kutoboa chuma ili watolewe. Tundu lilipopatikana, hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli, ikatoka. Meli ikaenda chini na waliokuwamo. Waliotoboa walikusudia kuokoa, na hilo nimelisema mara zote ninapoulizwa. Lakini mtu aliyesimama ufukweni akijua kwamba mwanawe alikuwa hai saa moja kabla hawezi kuishi kwa jibu hilo peke yake.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Miili ililazwa katika uwanja wa Nyamagana ili ndugu waitambue, na wengi ambao hawakutambuliwa au hawakuweza kusafirishwa walizikwa Igoma, kwenye makaburi ambayo sasa yana mnara. Mji ukajaa wageni: waandishi wa habari, watu wa mashirika ya misaada, wataalamu. Baada ya siku chache wakaja wapiga mbizi wa Jeshi la Majini la Afrika Kusini kusaidia kutoa miili iliyokuwa imenasa chini. Wageni hawa walihitaji watu wa kuwasemea, na wenye Kiingereza cha kueleweka wakatafutwa hapa na pale. Nilikuwa mmoja wao. Nilikwenda Nyamagana, nikaenda na bandarini, na kazi yangu ilikuwa kuchukua maneno upande huu na kuyapeleka upande ule.

Hapo ndipo ile orodha ya chumba cha walimu iliponirudia.

Nyamagana kulikuwa na joto, na harufu ambayo kila aliyeingia mle anaijua. Mwandishi mmoja wa kike kutoka Ulaya, mtu mzima, mwenye daftari mkononi, aliishiwa nguvu akachuchumaa ukutani, uso ameufunika. Msichana wangu wa kidato cha tatu, ambaye alikuja kumtafuta mjomba wake, alimwona. Alikuwa na chupa ya maji. Akamsogelea, akapiga goti kama anavyompigia mtu yeyote mkubwa, akampa maji kwa mikono miwili na kumwambia, "Sorry, madam."

Yule mama akainua macho yaliyojaa machozi, akamshika bega, akamwambia kwa Kiingereza kwamba si kosa lake, asijilaumu hata kidogo.

Binti akanigeukia. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Kwani mwalimu, mimi nimesema ni kosa langu?"

Nilimwambia hapana, hukusema hivyo, umempa pole na ameipokea kwa namna ya kwao. Akaridhika, akaondoka kuendelea kumtafuta mjomba. Kwa mujibu wa orodha yetu, binti yule alikuwa amekosea. Kwa mujibu wa chochote kingine ninachokiheshimu duniani, alikuwa amesema sentensi sahihi kuliko zote zilizosemwa uwanjani pale siku ile.

Bandarini mambo yalikuwa tofauti. Palikuwa na mama ntilie, Msukuma wa Igogo, aliyeacha kuuza akawa anawapikia tu watu wa uokoaji chai na maandazi. Mpiga mbizi mmoja alirudi kutoka majini akaketi juu ya kreti, mikono inamtetemeka, haongei. Yule mama akamwekea kikombe pembeni akasema, "Pole na kazi, ng'wanawane." Kijana aliyekuwa akimsaidia kuosha vikombe, ambaye alikuwa ameishia kidato cha pili, akaona amtafsirie mgeni: "She says sorry for work."

Nilijiandaa kuingilia kati na kueleza. Haikuhitajika. Yule mwanamaji akaitikia kwa kichwa, akamwambia mama asante, kisha naye akamwambia, "Sorry, mama, sorry." Baadaye, tulipokuwa tunasubiri boti, nilimuuliza kama maneno yale yalimshangaza. Akasema kwao Afrika Kusini ni vivyo hivyo, ukijikwaa njiani hata mtu asiyekujua atakwambia sorry, na hakuna anayedhani anakiri kosa. Alishangaa kwamba sisi huku tunafundishwa kuwa ni makosa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kila ninapopata kitabu au mtu wa kuuliza, na picha niliyoipata ni pana kuliko orodha yetu. Uganda na Kenya husema sorry kama sisi. Waganda huongeza na "well done", wanayompa mtu yeyote wanayemkuta kazini, kwa kuwa Kiganda kina salamu ya kumshukuru mtu kwa jasho lake. Nigeria ni hivyo hivyo, na Wayoruba wana neno lao, "pẹlẹ", ambalo kwa sauti na kwa kazi linafanana na pole yetu kiasi cha kumfanya mtu atabasamu. Ghana pia. Ukijumlisha watu wote hao, unakuta mamilioni kwa mamilioni ya wasemaji wa Kiingereza, wengi wao wamekizungumza tangu utotoni, ambao kwao sorry ni kitu cha kumpa aliyepatwa. Huwezi kuwaambia wote kwamba wameteleza.

Halafu kuna Kiingereza chenyewe cha Uingereza. Neno hilo, katika Kiingereza cha kale, lilitokana na neno la kidonda, la kuuma. Aliyekuwa "sorry" alikuwa mtu mwenye maumivu moyoni. Maana ya kuomba radhi ilijijenga juu ya hiyo, lakini ile ya zamani haikufa. Mwingereza akifiwa, jirani yake atamwambia "I'm sorry for your loss" na hakuna atakayemuuliza kama yeye ndiye aliyeua. Akisikia umefeli mtihani atasema "I'm sorry to hear that." Kwa hiyo kusema kwamba Mwingereza hutamka neno hilo kwa kosa tu si kweli hata huko kwao. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Kate Fox, aliwahi kuzunguka akiwagonga watu makusudi mabarabarani, akakuta Waingereza wengi waliogongwa ndio waliosema sorry, ilhali mkosaji ni yeye.

Tofauti iliyopo ni ya mipaka. Wao huitoa pole hiyo kwa msiba na habari mbaya. Kwa kujikwaa, kwa mvua, kwa kazi na kwa safari hawana neno, wananyamaza au wanauliza kama uko salama. Sisi hatuna mpaka huo. Hilo mwanafunzi anapaswa kulijua, hasa akienda kuishi nao, ili asiumie akijibiwa kwamba si kosa lake.

Yapo makosa ya kweli, na haya niliyafundisha kwa ukali. Kubwa ni "I feel sorry for you." Vijana wetu waliipenda sentensi hii kwa sababu ni ndefu na inasikika ya kisomi zaidi, wakaiandika kwenye barua za rambirambi. Lakini ukimwambia Mwingereza hivyo usoni, amesikia kwamba unamwonea huruma kama mtu duni, na ikisemwa kwa hasira huwa ni tusi. Hiyo humwambii mfiwa. Jingine ni vihusishi: hakuna "sorry with", na "sorry for" ikifuatwa na mtu ina maana moja, ikifuatwa na kitendo chako mwenyewe ina nyingine. Mwanafunzi aliyeandika "I am sorry for the death of your father" alinitia wasiwasi kila mara, kwani msomaji asiye na nia njema angeweza kuisoma kama ungamo. "I'm sorry about your father" haina shida hiyo. Haya ni ya ufundi, yanafundishika kwa wiki moja.

Lisilofundishika kirahisi nilikutana nalo kwa mama mmoja wa Kemondo.

Alikuwa mtu mzima, amejifunga kanga mbili, moja kichwani, na alikuwa ameketi bandarini tangu alipofika kutoka kwao. Mwanawe wa kiume alikuwa ndani ya meli. Alikuwa na uhakika, kwa jinsi walioponyoka mauti walivyomsimulia, kwamba kijana alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakigonga. Mpiga mbizi, yuleyule niliyemtaja, alikuwa akipita kuelekea kwenye boti. Alimwona, akasimama mbele yake, akavua kofia na kusema kwa utulivu, "I'm sorry, mama. I'm very sorry."

Nikamtafsiria: "Anasema pole, mama. Pole sana."

Mama hakujibu. Alimtazama yule kijana muda mrefu, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, ananipa pole au ananiomba msamaha?"

Nikamwambia kwamba ninavyosikia mimi, anampa pole.

"Lakini neno ni moja kwao?"

Nikakubali kwamba kwao neno ni moja.

"Basi muulize. Yeye ni katika wale waliotoboa?"

Sikumuuliza, sikuwa na haja. Nilimweleza mama kwamba kijana huyu ametoka Afrika Kusini, amefika baada ya meli kuzama, na kazi yake ni kuwatoa waliomo chini. Mama akalisikiliza lote. Kisha akanyoosha mkono, akaushika mkono wa yule mwanamaji kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwambie nimeipokea. Asante, mwanangu. Pole na wewe, unayaona mambo mazito." Na alipoondoka yule kijana kwenda zake, akaongeza kwa kunielekezea mimi: "Hao wengine wakija, mwalimu, usiwakubalie waseme kwa Kizungu. Waseme kwa Kiswahili nisikie ni ipi."

Nimeishi na maneno hayo. Mama yule, ambaye sidhani kama alivuka darasa la nne, alikuwa amegusa kasoro ya neno ambayo mimi mwenye shahada ya lugha sikuwa nimeiona. Tulikuwa tumeambiwa kwamba sorry yetu ina kasoro kwa kuwa imezidisha pole. Yeye aliona hatari upande wa pili, kwamba mtu mwenye deni la msamaha anaweza kutamka neno lile, akapokelewa kama mtoa pole, akaenda zake. Kiswahili hakimpi nafasi hiyo. Anayetoa pole amesimama na wewe upande mmoja, mnaitazama balaa pamoja. Anayeomba msamaha amesimama mbele yako. Huwezi kusimama pande zote mbili.

Na kweli, katika hotuba za siku zile na katika kumbukumbu za Mei 21 zilizofuata, pole hazikupungua. Zilitolewa na wengi na naamini zilitoka moyoni. Iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga, ikachunguza kilichosababisha ajali. Lakini mimi niliyekuwa nikisikiliza kwa sikio la yule mama sikulisikia neno la pili, la kuomba msamaha, likisemwa kwa wafiwa wale ana kwa ana, kwa Kiswahili, na mtu anayesema, "Nilikuwapo mimi, niliamua mimi."

Wenye Kiingereza wenyewe wamekuja kugombana juu ya jambo hili hili. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilitunga sheria mwaka 2009 inayosema kwamba mtu akimwambia mwenzake sorry, maneno hayo hayawezi kutumiwa mahakamani kuthibitisha kwamba ana hatia. Madaktari walikuwa wakiogopa kuwapa pole wagonjwa wao wasije wakashtakiwa. Fikiria nchi ambayo kumpa mgonjwa pole kunahitaji ulinzi wa sheria! Australia ilikuwa na mzozo wa zaidi ya muongo mmoja kuhusu watoto wa wenyeji wa asili walionyang'anywa wazazi wao. Waziri Mkuu John Howard alikubali kueleza masikitiko na akakataa kulitamka lile neno, hadi alipokuja Kevin Rudd akalitamka bungeni Februari 13, 2008, kwa niaba ya serikali na bunge.

Huku kwetu, mwishoni mwa Oktoba 2023, Mfalme Charles alikuwa Nairobi. Siku ya 31, kwenye karamu ya taifa, alizungumzia ukatili waliotendewa Wakenya walipopigania uhuru, akaeleza huzuni kubwa na majuto makubwa, akasema ukatili ule hauna kisingizio. Hakuomba radhi. Miaka kumi kabla, Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alikuwa ameeleza majuto ya aina hiyo bungeni London, pamoja na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 wa Mau Mau. Sasa, kesho yake baada ya ile karamu ya Nairobi, Novemba 1, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Maji Maji. Alisimama mbele ya wajukuu wa waliouawa, akataja yaliyofanywa na Wajerumani dhidi ya wahenga wao, na akaomba msamaha.

Nilizisikia habari zote mbili redioni, nikiwa nyumbani Bwiru, nimeshastaafu. Watu wengi walijadili nani kasema maneno mazuri zaidi. Mimi nilisikia kwamba mmoja kawapa watu pole kwa jambo lililofanywa na serikali ya nchi yake, na mwingine kaja kusimama mbele yao. Mama wa Kemondo angezitenganisha kabla hotuba hazijakwisha.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara, ikiwa imejaa watu waliotoka gulioni, nilikwenda kuwasalimu wafiwa ninaowafahamu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Ilikuwa ni ziwa lilelile, na nilikuta pole zinamiminika zile zile, na watu wanauliza maswali yale yale kuhusu idadi ya abiria. Sikuhitajika kumsemea mtu yeyote safari hii.

Mwaka jana mwalimu kijana, niliyemfundisha zamani na sasa anafundisha Kiingereza wilayani Misungwi, alinipigia simu akiwa anasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Swali lilitaka mwanafunzi amwandikie barua rafiki yake ambaye nyumba yao imeungua. Mtoto mmoja alikuwa ameanza hivi: "Dear friend, sorry with fire." Mwongozo wa kusahihishia waliokuwa nao pale ulisema sorry haifai kwa sababu mwandishi hakuunguza nyumba. Akaniuliza afanyeje.

Nilimwambia akate "with" aandike "about", amfundishe mtoto kwamba Mwingereza angeweka na "the" mbele ya moto ule. Neno la kwanza aliwekee vema.